Kidole Gumba cha Mama Mkwe

Kidole gumba cha mama mkwe kilikuwa kimeshapakwa wino, na mtafiti alikuwa amekishika kama kalamu yake mwenyewe.

"Subiri," nikasema. "Karatasi ina kurasa nne. Umemsomea ngapi?"

"Dada, ni kipimo cha sukari tu. Wenzenu wote wameshaweka dole."

Wenzetu walijaa kwenye benchi la zahanati, wamebana pamba mikononi. Nikaivuta karatasi. Ukurasa wa tatu ulisema damu itapelekwa ng'ambo, itunzwe huko, na itumike kwa utafiti wowote bila sisi kuulizwa tena.

Nikausoma kwa sauti, kwa lugha yetu. Benchi zima likamgeukia mtafiti.

"Unawatisha watu," mtafiti akasema.

"Nawasomea. Ilikuwa kazi yako."

Mama mkwe hajui kusoma, ila kusikia anasikia vizuri mno. Akauchomoa mkono wake. "Mwulize huyu baba, damu za wenzangu ameziweka wapi."

Nikamwuliza. Macho yake yakakimbilia sanduku la barafu karibu na mlango.

Mama mkwe akajikongoja mpaka pale, akakusanya gauni lake, akalikalia lile sanduku.