Mgongo wa Bi Mwanakombo

Kwa mnyoosha viungo sheria ilikuwa moja: maumivu hayatupwi, huhamishiwa mtu aliyeridhia kuyapokea. Bi Mwanakombo, mgonjwa mpya, alilala kifudifudi.

"Mama, mgongo utalia ko! Usishtuke," alisema mnyoosha viungo.

Ukalia kweli, naye akainuka mwepesi kama kigoli.

"Nani amenipokelea?"

"Hataki kutajwa, mama. Kasema tu umebeba mengi."

Alirudi nyumbani raha mustarehe. Jikoni akamkuta mumewe, Mzee Shaali, ambaye hajapata kugusa kazi ya jikoni, amekalia mbuzi anakuna nazi. Sinia lilikuwa limeshafurika.

"Yatosha, Baba Rukia. Inuka tukapumzike."

Mzee Shaali akatabasamu bila kujongea, akavuta nazi nyingine.

"Wewe tangulia, mke wangu. Namalizia hii."