Sweta Kwenye Mikoko

Mzee Nthiga aliacha shamba lake la chai huko Kibugu, milimani, akaja pwani kumtafuta mwanawe, aliyepotea mwezi uliopita akivua kwenye mikoko.

Mvuvi aliyekuwa akivua na kijana huyo alimzungusha mzee kwa mtumbwi tangu asubuhi. Maji yalipokupwa, wavu waliokuwa wakiukokota ulikwama kwenye mizizi. Waliuvuta pamoja, ukatoka na samaki watatu aina ya changu na sweta ya kijani, yenye kiraka chekundu kiwikoni.

Nthiga alikigusa kiraka. Yeye ndiye aliyemshikia mkewe taa alipokuwa akikishona.

“Ni yake, mzee?” mvuvi aliuliza. “Basi mpelekee mama yake, apate kumlilia.”

Nthiga aliikamua sweta polepole, kisha akainama, akaiachia majini.

“Kila jioni mama yake bado humwekea sahani ya githeri,” alisema. “Mimi siwezi kumwambia aache.”