Ngiri Asiyetumwa na Mtu

Wanyama wa kilimani walikuwa na sheria moja isiyo na mchezo: ukitaka kuwasemea wageni barazani, jitangaze kwanza na uvae mkufu wa nyasi, kila mtu ajue umetumwa. Ukisema bila mkufu, unafukuzwa kilimani.

Ngiri, fundi wa maneno matamu, hakuvaa kitu. Alisimama barazani akawasifu mamba: wamezeeka, meno yamewaisha, maji ya kwenye kona ya mto ni salama kabisa. Akashtakiwa. Ushahidi ulikuwa mdomoni mwake, maana alinuka mizizi ya yungiyungi, na yungiyungi huota kwa mamba tu.

"Mheshimiwa, mimi situmwi na mtu," alimwambia hakimu, Bi Nungunungu, ambaye hajawahi kucheka. "Yale ni maoni yangu. Nimejionea mwenyewe."

"Hakuna aliyekutuma?"

"Hata mmoja! Naapa kwa meno yangu."

"Basi huna hatia."

Ngiri akavimba kifua, akaanza kuondoka.

"Ngoja kidogo," hakimu akasema. "Mjumbe hatumlazimishi kunywa. Lakini raia anayetuletea habari ya maji mapya, kwa desturi yetu, ndiye anayetangulia kuyanywa. Tunashuka sasa hivi. Sisi tutakuwa nyuma yako."

Ngiri akatazama mtoni. Pale kwenye kona yalielea magogo matatu, na moja likapepesa jicho.

"Mheshimiwa," akanong'ona, "sasa ndiyo nakumbuka. Nilitumwa."