Tundu Chini ya Paa

Palikuwa na Kware, mama wa vifaranga sita, asiyemwamini yeyote. Fundi Kigogota alimjengea banda lisilopitisha mvua, akaacha tundu dogo chini ya paa.

"Hili umemwachia nani? Nyoka?" Kware akauliza.

"Ni la hewa, mama."

"Hewa si itapita mlangoni!"

Fundi alipoondoka, Kware akaliziba kwa udongo. Mvua ilipoanza, akafunga na mlango.

Banda halikuvuja hata tone, lakini kuta zilitiririka jasho, na vifaranga wakaanza kutweta, midomo wazi. Kware akapiga mayowe. Kigogota akaja mbio kwenye mvua ile ile, akalizibua tundu. Vifaranga wakavuta pumzi.

Kware akamtazama fundi aliyelowa chapachapa, akasema kwa aibu, "Toboa na upande wa pili, baba."