Waya wa Kijani

"Nisamehe, mwanangu," alisema mama wa Bwejuu, mkulima wa mwani, mguu wake umefungwa bendeji. "Taa yenu ilinizimikia maji yanajaa, nkateleza kwenye mwamba. Labda mie sikuitunza."

Nadir, fundi aliyeiunda, aliipokea taa, akachukua bisibisi.

Taa hizi alizijaribu mwenyewe hapa karakanani Mlandege. Alizipika kwenye oveni, akiamini joto kali litazizeesha vilevile kama miaka, ila kwa haraka. Zote zilikufa betri, isipokuwa moja tu, iliyowahi kudondoka baharini: hiyo ilikatika waya. Ilimharibia mstari wake ulionyooka kwenye grafu ya umri wa betri. Akasema hiyo ni ajali, akaitoa kwenye hesabu, na kwenye maboksi ikaandikwa: inadumu miaka mitano.

Kifuniko kikafunguka. Betri ilikuwa nzima, inang'aa. Waya ulikuwa umeota kutu ya kijani ya maji ya chumvi. Alipougusa, ukamong'onyoka, ukamganda kwenye ncha ya kidole.

Mama alimwinamia karibu, sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kugombezwa.

"Nambie nlipokosea, mwanangu, nikawaambie wenzangu. Kesho alfajiri wanaingia majini na taa hizihizi."