Chumba Kisichopashwa Joto

Huko Makete, kila nyumba iliyotaka umeme wa bei nafuu kwa pampu ya joto ilipaswa kutaja chumba kimoja ambacho hakitapashwa joto mpaka Septemba. Atupele alisita kujaza fomu.

"Andika changu, mwanangu," mama mkwe wake alimwambia. "Mimi baridi hii nimeizoea."

Malipo yakashuka. Mama akawa anashinda sebuleni kwenye joto pamoja na familia, mpaka siku moja ya Julai ujumbe wa shirika la umeme ulipoingia kwenye simu: mkazi wa chumba kilichotajwa haruhusiwi kuota joto la vyumba vingine; arudi chumbani, la sivyo bei itapanda.

Mama aliusoma, akachukua blanketi, akaenda chumbani kwake. Atupele alimfuata, akasimama mlangoni.

"Funga, mwanangu," mama alisema kutoka ndani. "Joto lenu linapotea."

Atupele akafunga.