Kijiko cha Masele

Siku ya pili mfululizo, Masele, mwenye duara, shimo lake la kuchimba dhahabu, alikuwa amekaa sakafuni kwenye wodi ya wajawazito, kijiko mkononi, akimkodolea macho kila aliyepita karibu na kitanda cha mkewe. Mwanaume wa kilo mia, mwenye jino la dhahabu na sauti ya karasha la kusagia mawe, anatazama matone ya dripu kama mnunuzi anavyotazama mizani.

"Fungua mdomo, mama," alimwambia Violeth. Akamnywesha kijiko kimoja cha uji mwepesi. Akangoja. Akamnywesha kingine.

Wanawake wa vitanda vya jirani walitazamana.

"Mwenzetu, huyu umemwokota wapi?" aliuliza mmoja. "Wangu hajui hata mlango wa kituo hiki unafungukia upande gani."

Masele akawageuzia mgongo. Tangu lini mwenye duara akajieleza kwa waponda kokoto?

Laiti wangemwona Jumatatu.

Jumatatu alimleta Violeth akimkokota kama gunia la pamba lililonyeshewa. Mimba ya miezi mitatu, na kwa wiki tatu hakuna kilichokaa tumboni, hata maji. Kilo saba zilikuwa zimeyeyuka. Midomo ilipasuka kama jaruba la mpunga mwezi wa Agosti. Masele alikuwa na hasira, kwa sababu wachimbaji wake kumi na wawili walikuwa hawajapikiwa.

"Hiki si kile kichefuchefu cha asubuhi, Baba Nelly," alisema Nesi Rhoda, binti mwembamba ambaye Masele hakuona sababu ya kumtazama usoni. "Mkojo wake ni kama chai ya rangi. Anahitaji dripu, dawa ya kuzuia kutapika, akae mbali na moshi na mafuta ya kukaangia. Ukimrudisha jikoni, utamleta tena amefunikwa shuka."

Masele alicheka mpaka jino likawaka.

"Binti, wewe umezaa wangapi?"

"Bado."

"Basi nyamaza. Mama yangu alizaa tisa. Alilima mpaka siku ya uchungu, akaweka jembe chini, akazaa, akaokota jembe. Na huyu, mimba ya Nelly alitapika hivi hivi. Alikufa? Si huyu hapa? Madeko! Mimba si ugonjwa."

Siku nyingine Rhoda angebishana. Siku hiyo aliweka kalamu chini, akamtazama yule bwana kama mtu anavyotazama soli ya kiatu kilichokanyaga kitu.

"Duara lenu linatoa, baba?"

"Litoe wapi! Mwezi wa pili huu, hata punje."

"Poleni," alisema Rhoda. Akaokota kalamu.

Violeth akarudishwa jikoni. Akaanguka kando ya sufuria, akafokewa, akainuka.

Kesho yake asubuhi Masele alipanda pikipiki hadi kwa Mzee Mayala, njia ya Ushirombo, ambako kila mwenye duara aliyekwama huishia, awe anabeba rozari au tasbihi. Hakwenda kwa ajili ya mke. Alikwenda kwa ajili ya dhahabu.

"Mwangaluka, Babu," alisalimia, akitafuta kigoda.

"Mwezi wa pili," mganga alijibu kabla mgeni hajakaa. "Hata punje."

Masele akaacha kutafuta kigoda.

Mzee akatikisa kibuyu, akakiweka sikioni. "Na nyumbani kuna mwanamke. Mkojo wake kama chai ya rangi."

Masele akavua kofia.

"Mpumbavu wewe," alisema mzee, kwa upole kabisa. "Dhahabu yako haijapotea, imehama. Imeingia tumboni mwa mkeo, inalala na mtoto. Kila akitapika, unamwaga mali. Kwa siku anatapika mara ngapi?"

"Ishirini!" Masele alijishika kichwa kwa mikono miwili. "Ishirini, Babu!"

Masharti yalikuwa mazito. Moshi asiusikie, mafuta asiyasikie, kwa kuwa dhahabu haipendi harufu. Maji yapitie kwenye mshipa, katika nyumba yenye kuta nyeupe, mpaka mali itulie. Kisha chakula kwa kijiko, kidogo kidogo, kwa mkono wa mume na si wa mwingine. Ndoo asiinue. Na asifokewe: neno kali moja tu, dhahabu inarukia duara la jirani. Hivyo hivyo hadi ajifungue.

"Hadi ajifungue?"

"Unayo dhahabu nyingine?"

Malipo ni mbuzi mmoja, mweusi tii, siku mke atakapokula ugali ukakaa.

Kabla jua halijafika utosini Violeth alikuwa kitandani, sindano mkononi, na Masele yuko sakafuni na kijiko chake. Rhoda alipokuja kubadilisha chupa, Masele alimwonyesha jino.

"Unaona, binti? Ninyi na vyeti vyenu. Kuna watu wana elimu yao."

"Kweli, baba," alisema Rhoda. "Sisi tunajua nini?"

Wiki ya pili, Violeth alikula ugali kwa dagaa wa Nkome, akaomba tonge jingine, na lote likakaa. Masele, ambaye sasa alikuwa ameajiri mpishi wa wachimbaji na alikuwa anachota maji mwenyewe machimbo yote yakimcheka, alifunga mbuzi nyuma ya pikipiki, akaenda kulipa deni lake.

Mzee Mayala alimpokea mbuzi kwa mikono miwili, akageukia nyumba. "Mjukuu wangu! Njoo na kisu, kitoweo kimefika!"

Akatoka binti mwembamba, khanga kiunoni, miguuni raba nyeupe.

"Shikamoo, Baba Nelly," alisema kwa adabu. Kisha akainama, akainua mguu wa nyuma wa mbuzi, akauchunguza, akasonya.

"Huyu ana doa," alisema Nesi Rhoda. "Babu, si nilikwambia umwambie mweusi tii?"